Neno «chukudu» lilitoka wapi? Wazee waulizwe mapema

Katika komini ya Bulengera, mjini Butembo, hakuna mtoto asiyejua chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali wala mnyororo, inayoteremka milima na mifuko ya makala, viazi na ndizi. Ukiuliza jina hilo lilitoka wapi, jibu linalosikika zaidi ni kwamba ni sauti yake: chuku-du, chuku-du, inapogonga mawe.

Jibu hilo lina nguvu, kwa sababu Kiswahili kimezoea kuita vyombo kwa mlio wake. Pikipiki na tingatinga ni mfano. Lakini sikio linaweza kudanganya. Bodaboda si mlio wa mota. Jina hilo lilianzia kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, huko Busia, kutokana na neno la Kiingereza la mpaka. Bajaji nayo imechukua jina la kampuni ya India.

Kwa chukudu kuna swali jingine. Magurudumu mengi ya leo huzungushiwa mpira wa tairi kuukuu, na mpira hupunguza kelele. Je, mlio huo ulikuwa wa chukudu za kwanza, zenye gurudumu tupu la mti? Au jina lina asili nyingine, na habari ya sauti ikaongezwa baadaye? Hata mwandiko wake haujatulia, maana wengine huandika «tshukudu» kwa desturi ya Kifaransa.

Wanaosimulia huweka mwanzo wa chombo hiki kwenye miaka ya 1970, wakati wa Mobutu. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1975 leo ana miaka 70 hivi. Mashahidi bado wapo, lakini vita vimewahamisha wengi kutoka vijiji vya Beni na Lubero, na wengine wanazikwa bila kuulizwa.

Goma imeijengea chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu. Ni heshima nzuri, ila sanamu haielezi jina. Butembo ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben tangu 1989, ina redio na shule. Mwalimu atume wanafunzi kwa babu na bibi zao na maswali matatu: chukudu mliiona wapi mara ya kwanza, mliiitaje, na gurudumu lake lilikuwaje? Daftari na kalamu vinatosha, hakuna haja ya kungoja wafadhili.