Ukaribu na Staa Si Mshahara

Kila tamasha kubwa la muziki linapotangazwa Songea, vijana huanza kusaka mchongo: nani atampokea staa, nani atambebea mabegi, nani atakaa naye hotelini hadi muda wa kupanda jukwaani. Shughuli hiyo huitwa kujitolea. Imani inayoisindikiza utaisikia kuanzia Bombambili hadi Lizaboni: ukimhudumia staa bure umeshalipwa, kwa sababu umepata koneksheni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wazazi nao huongezea. Imani hiyo ni potofu, na inawanyonya watoto wetu.

Tamasha ni biashara. Fiesta imezunguka mikoani kwa miaka mingi, na Wasafi Festival ilipoanza mwaka 2018 ilianzia Mtwara, si Dar es Salaam. Mapromota wanajua kuwa mikoani kuna pesa. Tiketi zinauzwa, wadhamini wanatoa chao, staa analipwa. Mwenye jukwaa na spika analipwa, DJ analipwa, baunsa analipwa, dereva analipwa, hata mwenye jenereta hakubali kuliwasha kwa ahadi. Anayerudi nyumbani mikono mitupu ni kijana aliyeamka alfajiri kupiga pasi nguo za jukwaani, akazunguka mjini kutafuta chakula anachokipenda mgeni, akashika simu tatu za watu wengine na kuzuia mashabiki mlangoni hadi usiku wa manane. Simu moja ikipotea, wa kwanza kuulizwa ni yeye. Na kama ni kijana wa bodaboda, hesabu ya bosi wake inamsubiri vilevile.

Wapo wanaosema hiyo si kazi, ni mapenzi ya shabiki. Shabiki hukata tiketi, akaimba, akacheza, akaondoka anapotaka. Kijana huyu anayejitolea anapangiwa saa ya kufika, anaelekezwa la kufanya, na shoo yenyewe haioni kwa sababu yuko nyuma ya jukwaa analinda mabegi. Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu anayemfanyia mwenzake kazi kuwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitike vinginevyo, ikiwa saa zake au namna anavyofanya kazi hiyo vinaongozwa na mwenzake huyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo inataka kazi ya kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ilipwe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Neno "kujitolea" halitoshi kuzifuta sheria hizo.

Kuhusu koneksheni, mfano unaotajwa kila kijiwe ni Harmonize: kijana wa Mtwara aliyesogea karibu na Diamond akatoboa. Lakini Harmonize alikwenda na sauti na nyimbo, akaingia WCB, lebo ya Diamond, kama msanii, kwa mkataba. Na Diamond mwenyewe amesimulia mara nyingi alivyohangaika na biashara ya mitumba kutafuta pesa ya kurekodi. Wote wawili walipelekwa mbele na kazi waliyoifanya wenyewe. Kijana anayebeba begi hasikilizwi wimbo wake garini. Gari linapoondoka Songea, namba yake inabaki kwenye simu isiyompigia.

Kwa mabinti hatari ni kubwa zaidi. Msichana anayeambiwa apeleke maji chumbani usiku, huku hana mkataba wala msimamizi, hajui amlalamikie nani. Kudai ngono kwa kutumia mamlaka ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Hata hivyo, asiyetambuliwa kuwa yuko kazini huona kwamba hana hata pa kuanzia kushtaki.

Songea haihitaji kufundishwa kujitolea. Katika miaka ya 1960, huko Litowa na kwenye vijiji vingine vya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, watu walilima shamba la pamoja, wakaendesha shule, wakaamua mambo yao kikaoni na kugawana matunda ya jasho lao, hadi chama hicho kilipovunjwa mwaka 1969. Aliyetoa nguvu zake alikuwa na sauti na fungu lake. Kujitolea ni kwa ajili ya jamii. Kumtumikia bure mfanyabiashara anayeondoka na pesa ya mlangoni ni kunyonywa.

Dawa ipo, na ni nyepesi. Afisa Utamaduni wa Manispaa asipitishe tamasha lolote Uwanja wa Majimaji kabla promota hajawasilisha orodha ya wasaidizi wote, saa zao, malipo yao na jina la anayewasimamia. Mastaa nao, wanaopenda kuwaita mashabiki familia, waulize kabla ya kupanda jukwaani kama aliyewapigia pasi amelipwa. Na wewe kijana, ukiitwa ujitolee, uliza: naanza saa ngapi, namaliza saa ngapi, nalipwa kiasi gani, nani anasaini? Asiye na majibu hana koneksheni ya kukupa.