DAWA YA DENI NI KULIPA, LAKINI KWANZA LIWE DENI

*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA*

Ndugu wanachama, wakereketwa na Watanzania wenzetu mnaoishi Uingereza,



Viongozi wenu wanaendelea kupokea picha za barua zilezile. Barua ina maandishi mekundu, pauni 60 zimekuwa 100, pauni 100 zimekuwa 170, na neno "mahakama" limetajwa mara tatu katika ukurasa mmoja. Gari lilipaki kwenye uwanja wa duka au hospitali. Anayetuma picha huwa na swali moja: "Nilipe, au niitupe?"

Msimamo wa Tawi ni huu: usilipe kwa woga, na usiitupe. *Ijibu.*

Tunajua kwa nini wengi hulipa haraka. Tumelelewa tukiambiwa dawa ya deni ni kulipa, na mtu anayeishi ugenini hapendi jina lake liandikwe mahali pabaya. Hilo ni jema. Lakini methali inazungumzia deni. Barua ya kampuni si deni kwa sababu tu imeandikwa kwamba ni deni. Ni madai, na anayedai ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha.

*TUANZE NA JINA*

Zipo karatasi mbili na zote hufupishwa PCN. Ya kwanza ni Penalty Charge Notice. Hii hutolewa na halmashauri kwa mujibu wa sheria, ina utaratibu wake wa rufaa, na ukiipuuza inaweza kuishia kwa dalali wa kweli mlangoni kwako. Ya pili ni Parking Charge Notice, inayotolewa na kampuni binafsi inayosimamia maegesho ya duka, hospitali au nyumba za kupanga. Kampuni inasema kwamba ubao ulioko pale ni mkataba, kwamba ulipopaki uliukubali, na kwamba umeuvunja.

Sote tunaziita "faini". Ya pili si faini. Si kosa la jinai na haikupi rekodi ya polisi. Ni ankara ya mtu anayedai umevunja mkataba wake. Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, soma barua imetoka kwa nani.

Mjue pia ukubwa wa biashara hii. Kampuni hununua anwani yako kutoka DVLA kwa pauni 2.50. Katika mwaka wa fedha 2023/24 maombi ya namna hiyo yalifika milioni 12.8. Tozo ya kawaida ni hadi pauni 100, na ukilipa ndani ya siku 14 unapunguziwa mpaka pauni 60. Kwa mfanyakazi wa zamu za usiku, hizo 60 zinaonekana nafuu kuliko kero ya kuandika barua. Hesabu za kampuni zinategemea uchovu wako.

*NA WANAOSEMA "ITUPE TU"?*

Ushauri huu bado unazunguka kwenye makundi yetu. Umepitwa na wakati, na umewaumiza watu.

Kwanza, tangu Sheria ya Kulinda Uhuru ya mwaka 2012, kampuni ikifuata masharti ya Jedwali la 4 inaweza kumdai mtu aliyesajiliwa kwenye kadi ya gari, hata kama haimjui dereva. Pili, Novemba 2015 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya ParkingEye dhidi ya Beavis. Bwana Beavis alizidisha dakika 56 kwenye uwanja wenye saa mbili za bure mjini Chelmsford, akadaiwa pauni 85. Alipinga hadi ngazi ya mwisho akashindwa. Kwa hiyo tozo hizi zinaweza kuwa halali. Asiwadanganye mtu kwamba hakuna anayepelekwa mahakamani.

Kesi hiyo ina upande wa pili. Katika uwanja ule mabao yalikuwa makubwa, mengi na yanayosomeka. Ubao wako ukiwa umefunikwa na miti, umeandikwa kwa herufi za chungu au haupo kabisa mlangoni, kesi yako si ya Beavis.

*HATUA ZA KUFUATA*

(Tarehe hizi ni za England na Wales. Ndugu zetu wa Scotland na Ireland ya Kaskazini waulize kwanza, sheria zao ni tofauti.)

1. *Hesabu siku.* Kama hukubandikiwa karatasi kwenye kioo na gari lilisomwa na kamera, barua inapaswa kukufikia ndani ya siku 14 tangu siku iliyofuata ile ya kupaki. Ikichelewa, kampuni haiwezi kutumia Jedwali la 4 kumdai mwenye kadi. Inabaki na dereva tu. Huna wajibu wa kuitajia kampuni binafsi nani aliendesha. Andika kama mwenye kadi ya gari. Lakini msiandike uongo. Kunyamaza ni haki yako, kudanganya si haki ya mtu yeyote.

2. *Kusanya ushahidi mapema.* Risiti, ujumbe wa malipo kwenye simu, picha za mabao mchana na usiku, kadi ya miadi ya hospitali. Kamera nazo hukosea: ukiingia asubuhi ukatoka, ukarudi jioni, zinaweza kuhesabu kwamba ulikaa siku nzima. Kukosea herufi moja ya namba ya gari kwenye mashine pia si wizi. Na chini ya mwongozo wa pamoja wa vyama vya kampuni hizi, uliotolewa mwaka 2024, unastahili dakika 10 za ziada muda wako ukiisha.

3. *Mwone mwenye uwanja.* Meneja wa duka au ofisi ya hospitali inaweza kuiambia kampuni ifute. Nenda na risiti, zungumza kwa heshima. Njia hii watu wengi huiruka, nayo ndiyo fupi kuliko zote.

4. *Kata rufaa kwa kampuni ndani ya siku 28.* Ikikataa, nenda kwa chombo cha rufaa kilichotajwa kwenye barua, ama POPLA au IAS, kutegemea kampuni iko chama gani. POPLA ni bure, una siku 28, na uamuzi wake unaifunga kampuni lakini haukufungi wewe. Ujue tu kwamba ukishindwa hapo, kwa kawaida punguzo la pauni 60 limekwisha. Pima kesi yako kabla.

*BARUA ZA WAKUSANYA MADENI*

Hapa ndipo watu wetu wanapokosa usingizi. Inakuja barua ya kampuni nyingine, imeongeza pauni 70, inaandika kana kwamba watakuja kubeba televisheni. *Hawa si madalali wa mahakama.* Hawana ruhusa ya kuingia kwako wala kuchukua hata kijiko. Dalali huja baada ya hukumu ya mahakama ambayo haikulipwa, na hapa hukumu haipo. Wajibu mara moja kwa maandishi kwamba unapinga deni na sababu zako, tunza nakala, na usibishane nao kwenye simu.

Ila katika rundo hilo la barua ipo moja ambayo haipuuzwi. Juu yake imeandikwa Letter Before Claim, au Letter of Claim, na inakupa siku 30 pamoja na fomu ya majibu. Jaza, rudisha, omba nyaraka zao: mkataba wao na mwenye uwanja, picha za mabao, hesabu ya hizo pauni 70.

Baada ya hapo kinaweza kuja karatasi halisi cha mahakama. Una siku 14 za kujibu tangu kihesabiwe kimekufikia, yaani siku ya tano baada ya kutolewa. Ukijibu kwanza kwamba umekipokea, unapata jumla ya siku 28 za kuandika utetezi. Hizi ni kesi za madai madogo. Hata ukishindwa, gharama zina mipaka: kwa madai ya pauni 170, ada ya mahakama ni 35 na ya wakili 50, pamoja na riba kidogo. Ukilipa yote ndani ya mwezi mmoja wa hukumu, jina lako linaondolewa kwenye daftari.

Kinachoangamiza ni kutojibu. Usipojibu, mahakama inatoa hukumu ya upande mmoja, na rekodi yake inakaa miaka 6. Ukiomba mkopo wa nyumba, ukitafuta pango, hata mkataba wa simu, inakutangulia.

*ANWANI, NDUGU ZETU*

Jambo hili linatuhusu sisi kuliko wengine. Tunahama chumba kwa chumba, Reading hadi Slough, Leicester hadi Birmingham. Tunakwenda nyumbani wiki sita kwa msiba au likizo. Barua inakwenda anwani ya zamani, hukumu inatoka, na mhusika anajua miaka miwili baadaye. Kuifungua upya hukumu hiyo inawezekana, lakini ada ya ombi ni kubwa kuliko tozo yenyewe.

Kubadili anwani kwenye kadi ya gari, ile V5C, ni bure, na kutoibadili kunaweza kukutoza hadi pauni 1,000. Fanya wiki hii. Unaposafiri, mwachie mtu unayemwamini ruhusa ya kufungua barua zako na kukupigia picha.

*MSIMAMO WETU*

Tunasema kwa haki kwa pande zote. Aliyepaki nafasi ya mlemavu bila kibali, au aliyefanya uwanja wa hospitali kuwa gereji yake, alipe. Hapo dawa ya deni ni kulipa kweli, tena mapema.

Lakini hatukubali biashara inayokua kwa kutisha. Bunge la hapa lilipitisha sheria mwaka 2019 ili Serikali itoe mwongozo mmoja. Mwongozo ulitoka Februari 2022, ukilenga kushusha tozo nyingi nje ya London hadi pauni 50 na kupiga marufuku nyongeza ya wakusanya madeni. Kampuni zikaenda mahakamani, na Juni mwaka huohuo ukaondolewa. Julai 2025 Serikali ilifungua mashauriano mapya. Tunataka nyongeza ya pauni 70 ifutwe, na tunataka chombo cha rufaa ambacho hakiendeshwi na vyama vya wadai wenyewe.

Sauti tunayo. Mtanzania mwenye kibali cha kuishi hapa ni raia wa Jumuiya ya Madola na ana haki ya kujiandikisha kupiga kura Uingereza. Jiandikisheni, na mwandikieni mbunge wa eneo lenu.

Viongozi wa mashina: tafuteni wazee na wageni wasiosoma Kiingereza vizuri, wasomeeni barua zao kabla tarehe hazijapita. Penye ugumu, Citizens Advice na National Debtline husaidia bure. Mwanachama asikae peke yake na bahasha mezani.

Ukidaiwa kwa haki, lipa. Ukidaiwa bila haki, pinga. Ukinyamaza, umeyageuza madai kuwa deni kwa mkono wako.

_Imetolewa na Idara ya Uenezi kwa niaba ya Kamati ya Tawi._
_Mtumie na mwenzako mwenye gari._