Daftari la Keya: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ulinzi wa Uingereza

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha ambayo jeshi la wafalme wako liliwaamrishia wazee wetu. Katika King's African Rifles, jeshi ambalo watu wa huku tangu zamani twaliita Keya, afisa aliyetoka Uingereza alipaswa kujifunza Kiswahili ndipo aweze kuwaongoza askari wake, na kijana wa Songea alielewana na kijana wa Kitui kwa lugha hiyo hiyo, katika milima ya Uhabeshi na katika misitu ya Burma. Lugha iliyofaa kumpeleka mtu vitani yafaa pia kumdaia haki yake baada ya vita; na ikiwa katika baraza lako hayupo wa kuisoma, London haijapungukiwa na wafasiri.

Kadhia ninayoileta mbele yako ni ya mjomba wangu, mzee wa Tanga ambaye umri wake umeipita mia kwa hesabu ya miezi miandamo na kuigusa kwa hesabu ya jua. Alijiandikisha Keya mwaka 1942, akavuka bahari mpaka Ceylon, akaingia Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki katika mvua za mwaka 1944, akashuka nayo Bonde la Kabaw, ambalo wanajeshi walilipa jina la Bonde la Mauti, mahali ambapo malaria na homa za mwituni ziliwalaza watu wengi kuliko risasi. Akafika Kalewa mwezi wa Desemba, na akauvuka Mto Chindwin juu ya daraja la chuma ambalo wahandisi walilitandika juu ya maboya, nalo likawa refu kuliko madaraja yote ya namna yake katika zama zile. Haya anayasimulia kituo kwa kituo, afande kwa afande, bila kuyachanganya. Lakini daftari la jeshi halimjui.

Daftari linamjua babake. Siku ya kuandikishwa karani alimwuliza jina, naye akajibu kama ajibuvyo mtu wa pwani, kwa jina lake, kisha bin, kisha jina la mzazi wake. Karani akaliacha la kwanza akalishika la pili, na kwa pigo hilo moja la kalamu mvuvi mmoja ambaye hakupata kuvaa bukta ya jeshi wala kuitika afande akawa ndiye aliyepigana na Mjapani, na mwanawe aliyepigana akawa kama hakuzaliwa. Penye kabila pameandikwa Mnyamwezi, ilhali yeye ni Mdigo. Penye umri imetiwa miaka isiyo yake. Na cheti cha kuachiliwa jeshi, kilichopigwa muhuri mwaka 1946, kinamtaja kuwa mtu wa kikosi cha kazi, kwa sababu miezi yake ya mwisho, alipotoka hospitali, aliambatishwa na kikosi hicho kungojea meli ya kurudi nyumbani. Miaka yake ya bunduki imemezwa na miezi ya jembe.

Sitaki kumficha mzee wangu, Mheshimiwa, maana haki haijengwi juu ya nusu ya maneno. Umri aliuongeza mwenyewe, na Unyamwezi aliuvaa mwenyewe, kwa nasaha ya vijana wenziwe waliosimama naye mstarini. Walakini yafaa kuuliza ni nani aliyeufanya uongo huo kuwa ndio ufunguo wa mlango. Ilikuwa serikali ya kikoloni iliyoyagawa makabila ya nchi hizi mafungu mawili, haya ya vita na haya ya mizigo, ikawatafuta Wakamba, Wahehe na Wanyamwezi kwa ajili ya bunduki, na watu wa pwani ikawadhania kuwa ni wa biashara na maneno mengi, wasiofaa kwa mapambano. Kijana aliyetaka kupigana akaambiwa na hali yenyewe kwamba nasaba yake ya kweli haimpitishi. Wengi walifanya kama yeye, kaskazini na kusini. Na dola iliyonufaika na uongo ule miaka mitatu ya vita haiwezi leo, baada ya miongo minane, kuutumia kuwa hoja ya kuwakana waliousema.

Wala lisidhaniwe kwamba kosa la karani ni jambo dogo la herufi. Msaada wowote unaotolewa kwa askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola hudai kwanza ithibati ya utumishi, na ithibati hiyo yatoka katika daftari. Nishani haiwezi kumtolea mtu ushahidi, kwa kuwa Nyota ya Burma aliyopewa mjomba wangu, kama walizopewa wenziwe wa Uingereza, ilitoka bila jina kuchongwa. Hata kiinua mgongo cha kuachiliwa jeshi, ambacho mizani yake, kama ilivyokwisha kudhihirika, ilipangwa kwa rangi ya ngozi pamoja na cheo, hata Mwafrika akapata sehemu tu ya alichopata mzungu kwa mwezi ule ule wa utumishi, kililipwa kwa kufuata kilichoandikwa katika daftari. Wahenga wetu walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Nao hawakuwahi kuiona hali hii yetu, ambapo daftari lipo, na aliyepotea ni mtu, naye amepotelea ndani yake.

Mzee ameomba asahihishiwe tangu nguvu zake zilipokuwa zamruhusu kwenda mwenyewe, na sasa naomba mimi kwa niaba yake. Maofisi tuliyoyaendea, ya huku na ya ng'ambo, sitayataja kwa majina, kwa kuwa sikukusudia kumshitaki karani wa leo kwa dhambi ya karani wa jana. Nitaeleza tu namna mlango unavyofungwa. Ofisi moja ilidai hati ya kuzaliwa, kwa mtu aliyezaliwa katika kijiji cha wavuvi ambako hakuna aliyemwandikia mtoto hati, kwa kuwa serikali ya wakati huo haikuona haja. Nyingine iliagiza kwamba mwombaji ataje jina na namba kama vilivyo katika kumbukumbu. Tafadhali uitafakari amri hiyo, Mheshimiwa. Ili kulisahihisha jina, sharti ulitaje kama lilivyoandikwa. Na ukilitaja kama lilivyoandikwa, umekwisha kukiri kuwa wewe si wewe. Mwenye kosa ni aliyeandika, na anayetwishwa dhima ya kulithibitisha kosa ni aliyeandikwa, kwa nyaraka ambazo mwandishi huyo huyo ndiye aliyepaswa kumpa.

Nyuma ya mlango huo iko historia ambayo nafahamu kuwa haikufanywa na Wizara yako peke yake. Askari wa Kiafrika waliandikishwa chini ya serikali za makoloni, na kumbukumbu zao nyingi zilibaki huku walikoandikishwa. Keya ya Tanganyika ikawa Tanganyika Rifles pale nchi ilipopata uhuru mwezi wa Desemba 1961. Tanganyika Rifles ikaasi mwezi wa Januari 1964, ikavunjwa. Na Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa mwaka huo huo, lilikuwa na kila sababu ya kutaka kuanza upya kuliko kuyarithi madaftari ya mkoloni. Kwa hiyo ukiuliza huku, utaambiwa kwamba walioandika ni Waingereza, waulizwe wao. Na ukiuliza huko, utaambiwa kwamba walioandikisha ni makoloni, yaulizwe hayo, kana kwamba koloni bado ni nchi yenye posta. Wakati huo huo, tangu mwaka 2022, Wizara yako imekuwa ikizihamishia Nyaraka za Taifa za Uingereza faili zaidi ya milioni tisa za watu waliolitumikia jeshi lenu, ili wajukuu wao wazisome. Siwahusudu wajukuu hao. Nasema tu kwamba waliotoka Afrika ya Mashariki katika vita ile ni zaidi ya laki mbili, nao pia wana wajukuu.

Wala siombi jambo ambalo serikali yenu haijapata kulikubali kwa kanuni. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ya uchunguzi wake juu ya waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, ikakiri kwamba watu baina ya 45,000 na 54,000, Waafrika, Wahindi, Wamisri na Wasomali, hawakuadhimishwa sawasawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na yamkini hadi 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri aliyekuwa katika kiti chako wakati huo alisimama Bungeni akaomba radhi. Radhi ile tuliipokea kwa heshima. Lakini ilikuwa radhi kwa wafu wa vita ya kwanza, waliochukua mizigo kutoka Voi na Taveta hadi Ruvuma, ambao hawawezi tena kuulizwa majina yao yalikuwa nani. Huyu ninayemsemea aweza kuulizwa. Ukimwuliza leo, atakujibu leo.

Baadhi ya waliotoka naye hawawezi. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi, wakafa watu 1,297, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki. Watu hao hawana kaburi ambalo ndugu aweza kulisomea Fatiha au kuliwekea msalaba. Walichonacho ni mstari katika orodha, na mstari huo ukikosewa, hakuna tena mahali popote duniani pa kuwazuru. Mwenye kuelewa hivyo ataelewa kwa nini nalishughulikia jina kwa ukali huu.

Mjini Dar es Salaam, penye njia panda ambayo kila mpita njia aijua, limesimama tangu mwaka 1927 sanamu la Askari, na Nairobi na Mombasa yapo ya mithili yake. Maandishi yaliyochongwa hapo yanawaahidi waliopigana kwamba hata wakifa, wana wao watayakumbuka majina yao. Ni ahadi njema, nasi tumeitimiza kwa upande wetu, wana tumeyakumbuka. Aliyesahau ni aliyeahidi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika kalamu.

Kwa hiyo nakuomba, na naomba hadharani, mambo manne. La kwanza, paweko mahali pamoja, panapojulikana, pa kupokelea madai ya kusahihisha kumbukumbu za askari wa Keya na vikosi vilivyoandamana nayo, kwa mapatano ya serikali yako na serikali za Tanzania, Kenya, Uganda na Malawi, ili mwombaji asifanywe tarishi baina ya nchi na nchi. La pili, dhima ya ithibati ihamie kwa mwenye nyaraka. Shajara za vita za batalioni zimehifadhiwa katika Nyaraka hizo za Taifa, huko Kew. Mzee na ale kiapo mbele ya hakimu au kadhi, aeleze vituo vyake, tarehe zake na maafande wake, na mtumishi wako ayalinganishe maneno hayo na shajara. Yakiafikiana, yatosheleze, pasidaiwe hati ya kuzaliwa kwa mtu ambaye utawala ule wenyewe haukumpa. La tatu, kosa lisifutwe. Jina la zamani na liachwe lisomeke, na la kweli liandikwe kando yake pamoja na tarehe na sababu ya kusahihishwa, ili atakayekuja kusoma ajue mtu alikuwa nani, na ajue pia namna alivyoandikwa. Kwani Unyamwezi ule wa kuazima nao ni sehemu ya tarikhi, na haifai kuificha tarikhi kwa ajili ya kuwasitiri walioifanya. La nne, atakayesahihishiwa apewe cheti kipya, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kitajacho kikosi chake cha bunduki kwa jina lake.

Sikutaja fedha, wala sikusahau. Hesabu ya kiinua mgongo kilichopunjwa kwa rangi ni deni jingine, lenye wadai wengi na watetezi wake. Lakini deni halilipwi kwa mtu ambaye mdaiwa anasema hakuwepo, na ndiyo maana naanza na jina.

Huenda washauri wako wakakuambia kwamba waliobaki ni wachache mno, na kwamba utaratibu kama huu hauna maana kwa watu wanaohesabika. Hoja hiyo naikubali nusu yake ya kwanza, na nusu ya pili naikataa kwa sababu ya hiyo ya kwanza: kazi ni ndogo kwa kuwa waliobaki ni wachache, na ni ya haraka kwa kuwa ni wazee. Serikali iliyoweza kuwasafirisha makumi ya elfu ya vijana wetu kuvuka Bahari ya Hindi haiwezi kushindwa kuwapelekea waliosalia karani mmoja mwenye masikio mazuri.

Nangoja jawabu lako, nalo nataraji litakuja wazi kama ilivyokuja barua hii, na kwa lugha hii.

Wasalaam,

Mpwa wa askari wa Keya,
Tanga.