Herufi Moja Katika Tikiti: Kwa Nini Nauli ya Watu Watano Si Mara Tano ya Nauli ya Mmoja



Wiki hii tunajibu barua iliyotufikia kutoka Oldonyiro, magharibi mwa Kaunti ya Isiolo. Mwandishi wake ni mama wa nyumbani, na mumewe ni mfanyabiashara wa mifugo. Kwa miaka kadhaa aila hii imekuwa ikiweka akiba ya Umra, mbuzi kwa mbuzi. Wanaokusudia kusafiri ni watano: mume, mke, mama mkwe, na mabinti wawili wakubwa. Walimpigia simu wakala wa safari, wakauliza nauli ya mtu mmoja, wakatajiwa. Wakaizidisha mara tano na kuuza wanyama kwa hesabu hiyo. Siku ya pili walipompa wakala majina yote matano, nauli ya kila mmoja ilikuwa imepanda. Wakala anaapa kwamba ndege ni ile ile na tarehe ni ile ile. Mume anaamini wamedanganywa. Mama mkwe, kwa kuona nyumba imeingia manung'uniko, amesema yeye atabaki.

Tumeona tuijibu barua hii hadharani, kwa kuwa jambo lenyewe huwakuta wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu vilevile. Aidha, shaka baina ya ndugu ni jambo zito kuliko nauli. Kwa maelezo tuliyopewa, yamkini wakala huyu alisema kweli mara zote mbili. Alilokosa ni kueleza.

Yatupasa kwanza kufahamu kwamba ndani ya ndege, bei haikufungwa kwenye kiti. Imefungwa kwenye herufi. Abiria huona sehemu mbili au tatu: daraja la kwanza, daraja la biashara na daraja la kawaida. Lakini katika kompyuta za shirika, daraja la kawaida peke yake hugawanywa katika mafungu mengi, na kila fungu hupewa herufi moja ya alfabeti. Kwa desturi ya mashirika mengi, F ni ya daraja la kwanza, J na C ni za daraja la biashara, na Y ni ya nauli kamili ya daraja la kawaida. Herufi nyingine, kama vile B, M, H, K, Q na V, huwa mafungu ya bei zilizopunguzwa, na kila shirika huzipanga litakavyo. Kwa hiyo herufi iliyo rahisi katika shirika hili yaweza kuwa ghali katika shirika lile.

Mwenye herufi ya Y na mwenye herufi ya K huweza kuketi bega kwa bega na kula chakula kile kile. Hutofautiana katika bei waliyolipa na masharti waliyokubali: kama tikiti yaweza kubadilishwa tarehe, kama fedha zaweza kurudishwa, na mara nyingine hata uzito wa mizigo.

Wakala anapofungua safari katika kompyuta yake, huona mstari wa herufi na tarakimu, kwa mfano: Y9 B9 M5 K3 Q0. Tarakimu ni idadi ya nafasi zinazoweza kuuzwa kwa herufi hiyo. Sufuri maana yake fungu limefungwa. Tisa, katika mifumo mingi, maana yake ni tisa au zaidi, kwa kuwa mfumo hauonyeshi tarakimu inayozidi hapo. Wala tarakimu hizi hazijumlishwi. Anayeziona na kusema kuna viti ishirini na sita amekosea, kwa maana viti vile vile huhesabiwa chini ya herufi zaidi ya moja. Kiti kinachoweza kuuzwa kwa bei ya K kinaweza pia kuuzwa kwa bei ya M au ya Y.

Sasa turudi kwa watu wetu watano. Tuchukue hesabu ya mfano tu, isiyokuwa bei ya shirika lolote. Herufi ya K ina nafasi 3 kwa shilingi 60,000 kila moja, na herufi ya M ina nafasi 5 kwa shilingi 72,000. Anapouliza mtu mmoja, mfumo hutafuta fungu la chini kabisa lenye nafasi moja, nalo ni K. Jibu ni 60,000, na ni jibu la kweli. Wanapoulizwa watano kwa pamoja, mfumo hutafuta fungu la chini kabisa lenye nafasi tano. K haina tano, basi mfumo huwapandisha wote hadi M. Jumla inakuwa shilingi 360,000, ilhali aila ilitarajia 300,000. Nafasi tatu za bei nafuu zingali zipo, lakini hakuna aliyeziuliza peke yake.

Dawa yake ni kumwambia wakala maneno haya: "Tafadhali tuangalizie kwa herufi ya chini zimebaki nafasi ngapi, kisha tufanyie hesabu ya kugawanya." Watatu wakiwekwa katika K na wawili katika M, jumla ni 180,000 na 144,000, yaani 324,000. Aila imeokoa shilingi 36,000 bila ya kubishana na mtu.

Hata hivyo, kugawanya kuna gharama yake. Watu waliowekewa nafasi katika mafungu mawili huhesabiwa na mfumo kuwa ni makundi mawili yasiyojuana. Ndege ikifutwa, kundi moja laweza kuhamishiwa safari ya leo na jingine ya kesho. Kwa hiyo kikongwe asitenganishwe na mwenye kumhudumia, wala mabinti wasiachwe wawili peke yao. Kwa aila ya Oldonyiro tungependekeza baba, mama yake na binti mmoja wawe pamoja, na mama na binti wa pili wawe pamoja. Wakala aombwe kuandika katika kila uhifadhi nambari ya uhifadhi wa pili, ili watumishi wa shirika wajue kwamba hawa ni watu wa nyumba moja. Penye mtoto mchanga wa chini ya miaka miwili anayepakatwa, yeye hachukui kiti, na kwa kawaida hutozwa sehemu ndogo tu ya nauli ya mkubwa.

Wapo watakaouliza: kwa nini shirika liuze kiti kile kile kwa bei kumi? Mfugaji wa Oldonyiro analijua jibu hili kuliko sisi. Anayepeleka mbuzi mnadani wiki kadhaa kabla ya Idd haendi na beberu zake zote. Huuza baadhi kwa bei ya siku hiyo ili nyumba ipate unga, na wale wanono huwaweka kwa ajili ya mnunuzi wa siku za mwisho, ambaye atalipa zaidi kwa sababu hana budi. Shirika la ndege hufanya vivyo hivyo. Huuza mapema nafasi chache kwa bei ya chini, na nyingine huziweka kwa ajili ya msafiri wa dharura. Tofauti ni kwamba beberu asiyeuzwa hurudi nyumbani, lakini kiti kitupu ndege inapopaa kimepotea moja kwa moja.

Elimu hii ina historia. Mnamo mwaka wa 1972, Ken Littlewood wa shirika la Uingereza la BOAC alieleza kanuni yake: nauli ya chini ikubaliwe maadamu inazidi fedha zinazotarajiwa kutoka kwa mnunuzi wa baadaye. Mwaka wa 1978 Marekani iliyaachia mashirika yake yajipangie nauli, na mwaka wa 1985 shirika la American Airlines lilitumia hesabu za namna hii kushindana na People Express, shirika lililouza kwa bei za chini. Tangu hapo njia hiyo imeenea duniani kote, hata katika safari za kutoka Nairobi kwenda Jeddah.

Ndiyo sababu mtu huweza kuona picha ya viti katika simu yake, nusu ya ndege ikiwa wazi, na bado nauli ikawa juu. Picha ile huonyesha viti ambavyo havijachaguliwa na abiria. Haionyeshi herufi ipi iko wazi. Na ndiyo sababu katika kumi la mwisho la Ramadhani na katika likizo ya Desemba herufi za chini hufungwa mapema. Anayeweza kwenda Umra katika miezi isiyo na msongamano, na akaweka nafasi mapema, ana matumaini zaidi ya kuzikuta zikiwa wazi. Tukumbuke pia kwamba kurudi kuna herufi yake. Huenda tarehe ya kwenda ni nafuu na tarehe ya kurudi ndiyo iliyopandisha jumla, na kusogeza siku mbili kukatosha kuishusha. Anayepitia Addis Ababa, aulize kama herufi hiyo ipo katika vipande vyote viwili vya safari.

Kwa watu wa Oldonyiro tunaongeza nasaha moja. Safari yao haianzi Nairobi. Huanza katika barabara ya vumbi ipitayo Kipsing kuelekea Isiolo mjini, na mvua ikinyesha, mito mikavu huweza kujaa na kukata njia. Herufi za chini kabisa, katika mashirika mengi, hazimhurumii aliyechelewa: nauli hupotea yote au hutozwa faini kubwa. Basi anayesafiri katika masika, au katika mvua za Oktoba hadi Desemba, alinganishe bei mbili. Huenda nyongeza ya shilingi elfu chache kwa herufi inayoruhusu kubadilisha tarehe ikawa nafuu kuliko kupoteza tikiti tano. Na kwa hali yoyote, aila ifike Nairobi angalau siku moja kabla.

Jambo la mwisho ndilo linaloumiza watu zaidi. Kuwekewa nafasi si kupata tikiti. Wakala akikuhifadhia nafasi, utapewa nambari ya uhifadhi yenye herufi na tarakimu sita, pamoja na muda wa mwisho wa kulipa. Muda ukipita, nafasi hurudi sokoni, na pengine herufi ile hufungwa usiku huo huo. Tikiti yenyewe ina nambari ya tarakimu kumi na tatu, na tatu za mwanzo hutambulisha shirika: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian Airlines, 065 ni Saudia. Aliyelipa fedha zote na hajapewa nambari hii, kwa kila msafiri, bado hana tikiti mkononi, hata akiwa na karatasi yenye jina lake na picha ya ndege.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni ya muda maalumu. Tunaona katika adabu hiyo funzo kwa wasafiri na mawakala: maelewano ya mdomo, hata baina ya marafiki, huzaa ugomvi. Basi kabla ya kupeleka mbuzi mnadani au kutuma fedha kwa simu, mama wa nyumba aombe majibu ya maswali haya kwa maandishi, hata kwa ujumbe mfupi wa simu:

Nauli hii ni ya herufi gani kwenda, na ya herufi gani kurudi?

Je, ni bei ya kila mmoja tukiwa wote pamoja, au ni bei ya mtu mmoja peke yake?

Kwa herufi ya chini zimebaki nafasi ngapi?

Tukibadilisha tarehe, au tukichelewa, tutatozwa nini?

Kila msafiri ana kilo ngapi za mizigo, na maji ya Zamzam yamehesabiwa humo?

Mwisho wa kulipa ni siku gani na saa ngapi, na nambari za tikiti tutazipata lini?

Wakala mwaminifu hatachukizwa na maswali haya, kwa kuwa yanamlinda yeye pia dhidi ya dhana mbaya. Kwa dada yetu tunasema: mwombeni wakala awafanyie hesabu ya kugawanya leo, kabla nafasi zile tatu hazijachukuliwa na wengine. Na mama mkwe aambiwe asivunjike moyo. Twamwomba Mwenyezi Mungu aikubalie aila hii nia yake, na awafikishe wote watano kwa salama.

Wabillahi tawfiq.