UCHAMBUZI: Kijana alipoitwa kuchanjwa kabla ya nyanyake Kisii na Nyamira

ILIPOTANGAZWA mapema Machi 2021 kwamba chanjo ya kukinga Covid-19 imewasili nchini, wengi katika kaunti za Kisii na Nyamira walitarajia kuwa wazee ndio wangekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Tangu mwanzo ugonjwa huo ulijulikana kuwa adui wa wakongwe na wa wale waishio na maradhi ya muda mrefu kama kisukari na shinikizo la damu.

Mambo hayakuenda hivyo. Pamoja na wahudumu wa afya, walioalikwa mapema walikuwa walimu na maafisa wa usalama, na miongoni mwao wamo vijana wa miaka ishirini na ushei, wenye siha njema, ambao hawakuwa wametarajia kufikiwa upesi namna hiyo. Kijana aliitwa huku nyanyake akibaki kijijini.

Miaka imepita tangu wakati huo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza Mei 2023 kwamba Covid-19 si dharura ya kimataifa tena, na foleni za chanjo zimesahaulika. Hata hivyo, swali lililozuka wakati ule halijajibiwa: je, kijana mwenye afya anayepewa chanjo asiyoitarajia, ilhali mkongwe wake hajaipata, aikubali au aikatae? Na ni nani anayepaswa kulaumiwa kwa mpangilio huo?

Ili kulielewa swali hilo, ni vyema kukumbuka jinsi chanjo ilivyokuwa adimu. Shehena ya kwanza, iliyotua Nairobi Machi 3, 2021 kupitia mpango wa kimataifa wa COVAX, ilikuwa ya dozi 1,020,000 za AstraZeneca zilizotengenezwa India. Siku mbili baadaye, Dkt Patrick Amoth, aliyekuwa kaimu Mkurugenzi Mkuu wa Afya, alidungwa sindano ya kwanza katika Hospitali Kuu ya Kenyatta.

Kwa kuwa kila mtu alihitaji dozi mbili, shehena hiyo yote ingetosha watu 510,000 pekee. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Hivyo basi, chanjo zilizotengewa Kenya nzima hazingetosha hata theluthi moja ya wakazi wa kaunti hizo mbili.

Serikali iligawa kazi hiyo kwa awamu. Awamu ya kwanza iliwalenga watu milioni 1.25, wengi wao wahudumu wa afya na watumishi wengine wanaotangamana na umma. Awamu ya pili ilikuwa ya watu milioni 9.7, yaani waliotimu miaka 50 na zaidi pamoja na watu wazima wenye maradhi sugu. Awamu ya tatu ilikuwa ya watu milioni 4.9 wanaoishi au kufanya kazi mahali penye hatari kubwa ya kuambukizwa. Kwa maneno mengine, kigezo cha kwanza kilikuwa kazi, na umri ulifuata.

Kigezo hicho hakikukosa mantiki. Desemba 2020, taifa lilimpoteza Dkt Stephen Mogusu, daktari wa miaka 28 aliyeambukizwa Covid-19 akiwahudumia wagonjwa Machakos. Kifo chake kilionyesha kwamba ujana peke yake si ngao kwa anayekesha wodini. Mwalimu naye alirejea darasani Januari 2021 shule zilipofunguliwa, akasimama mbele ya makumi ya wanafunzi waliobanana madawatini. Asingeweza kuambiwa afunze na kisha aachwe bila kinga.

Lakini kazi haikuwa sababu pekee iliyowafanya vijana kujikuta mbele. Sababu ya pili ni kusitasita kwa waliotangulizwa. Baadhi ya wahudumu wa afya na walimu walitaka kwanza kuona yatakayowapata wenzao. Vituo vikabaki na dozi zisizo na wenyewe, na kabla ya Machi kwisha Wizara ya Afya ikaamua kuwafungulia mlango watu wa miaka 58 na zaidi bila kungoja awamu ya pili.

Sababu ya tatu haikuzungumzwa sana, nayo ni hesabu ya kichupa. Kichupa kimoja cha AstraZeneca kutoka India kilikuwa na dozi 10. Kikishafunguliwa, dozi zote zilipaswa kutumika katika muda wa saa sita, la sivyo kinachosalia kinatupwa. Muuguzi aliyekifungua asubuhi kwa ajili ya watu wanne alikuwa na dozi sita za kutafutia wenyewe kabla ya jioni.

Katika milima ya Gusii hesabu hiyo ni ngumu zaidi. Msimu wa masika mvua hunyesha karibu kila alasiri, na njia za udongo za Manga, Nyamache au Ekerenyo huteleza hata kwa mwenye miguu imara. Mkongwe wa miaka 80 anayeishi mteremkoni hana budi kulipia bodaboda kwenda na kurudi, au kungoja mjukuu ampeleke. Wingu likitanda saa nane mchana, haji tena. Aliye karibu na kituo wakati huo ni mwendeshaji bodaboda aliyemleta mgonjwa, mchuuzi wa ndizi langoni, au kijana aliyemsindikiza mamake kliniki. Katika hali kama hiyo, dozi iliyokusudiwa mkongwe humwendea kijana aliye karibu.

Ndipo swali la maadili linapoingia. Wapo wanaoshikilia kwamba kijana wa aina hiyo angepaswa kukataa kwa heshima ya wazee. Hoja hiyo ina uungwana ndani yake, lakini haina tija. Dozi iliyokwisha kufunguliwa haiwezi kupanda mlima usiku kumfuata nyanya. Kijana akiikataa, itaishia katika pipa la taka za hospitali. Kukubali kwake hakumnyimi mtu chochote katika saa ile.

Walakini, ni kosa kuruka kutoka hapo na kudai kwamba haki imetendeka. Kijana hakumwibia nyanyake, lakini mpango uliompata kijana kwa urahisi na kumkosa nyanya ulikuwa na kasoro. Waliosimamia chanjo walihesabu mikono iliyodungwa. Hawakuhesabu kwa makini mikono iliyopaswa kudungwa ikakosekana.

Wakati ule ilihubiriwa pia kwamba kumchanja kijana ni sawa na kumlinda mzee anayeishi naye. Sasa inafahamika kwamba kauli hiyo ilikuwa na ukweli nusu. Chanjo zilipunguza sana ugonjwa mkali na vifo, lakini uwezo wake wa kuzuia maambukizi ulikuwa wa kiasi, ukashuka zaidi ilipozuka aina ya Delta na baadaye Omicron. Sindano ya mjukuu haikuweza kuchukua nafasi ya sindano ya nyanya. Aliyekuwa katika hatari ya kufa ndiye aliyehitaji kufikiwa yeye mwenyewe.

Delta haikukawia kulithibitisha hilo. Juni 2021, Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, alizitaja Kisii na Nyamira miongoni mwa kaunti 13 za magharibi mwa nchi na eneo la Ziwa ambako maambukizi yalikuwa yakipanda kwa kasi. Kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri ikawekwa. Wakati huo India ilikuwa imebana uuzaji wa chanjo nje ya nchi, na muda kati ya dozi ya kwanza na ya pili ukarefushwa nchini Kenya kutoka wiki 8 hadi 12. Wimbi lilipofika, chanjo ilikuwa imepungua na wazee wengi hawakuwa wamepata hata dozi ya kwanza.

Kuna upande mwingine wa suala hili ambao lazima utajwe kwa haki. Kijana aliyeitwa ghafla alikuwa na sababu ya kuuliza, "Mbona mimi?" Aprili 7, 2021, Uingereza iliamua kwamba watu wenye afya walio chini ya miaka 30 wapewe chanjo tofauti na AstraZeneca pale inapopatikana. Hatua hiyo ilitokana na visa vya nadra vya damu kuganda, 79 katika zaidi ya dozi milioni 20. Wiki moja baadaye Denmark iliacha kabisa kuitumia, na baadaye ikaipa Kenya msaada wa dozi 358,700 za chanjo hiyo hiyo.

Kwa mzee, faida ilizidi hatari kwa mbali mno. Kwa kijana mwenye afya faida ilikuwapo, lakini pengo lilikuwa dogo zaidi. Kijana wa London alikuwa na chanjo nyingine ya kuchagua. Kijana wa Keroka au Suneka hakuwa nayo hadi Agosti 2021, Marekani ilipotuma dozi 880,460 za Moderna, zikafuatwa na Johnson & Johnson na Pfizer mnamo Septemba. Hakukuwa na dhambi katika kutumia kilichopo. Lakini anayepewa alistahili kuelezwa tofauti hiyo waziwazi.

Pale maelezo yanapokosekana, uvumi huchukua nafasi. Kenya ina kumbukumbu ya jambo hilo. Mwaka 2014, kampeni ya chanjo ya pepopunda iliyowalenga wanawake wa umri wa kuzaa ilipingwa na maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini, waliodai kuwa ina kiambato cha kuzuia uzazi. Serikali na WHO zilikanusha madai hayo, lakini shaka ilikuwa imekwisha kupandwa. Miaka saba baadaye, msichana aliyeitwa kuchanjwa bila kutarajia aliweza kusikia hofu ile ile ya utasa ikirudiwa sokoni, kanisani na ndani ya matatu.

Badala ya kuijibu shaka kwa subira, serikali ilichagua shinikizo. Watumishi wa umma, walimu wakiwemo, waliamriwa wawe wamechanjwa kufikia Agosti 23, 2021 la sivyo waadhibiwe. Novemba mwaka huo ikatangazwa kwamba kuanzia Desemba 21 asiyechanjwa asipewe huduma za serikali. Mahakama Kuu ilisimamisha agizo hilo Desemba 14 kabla halijaanza kutekelezwa.

Mwisho wa mwaka takriban dozi milioni 10 zilikuwa zimetolewa nchini. Hata hivyo, Februari 2022 dozi 840,000 za AstraZeneca zilipitwa na muda na kulazimika kuharibiwa. Taifa lililoanza kwa uhaba lilimaliza kwa kutupa. Kwa muda wa miezi 11 tatizo lilikuwa limehama, kutoka kukosa chanjo hadi kukosa njia ya kumfikia na kumshawishi anayeihitaji.

Funzo la haya yote si la kihistoria tu. Machi 2024 lilianza jaribio kubwa la chanjo mpya ya kifua kikuu iitwayo M72/AS01E, likihusisha takriban watu 20,000 katika nchi tano, Kenya ikiwemo. Wanaochunguzwa ni vijana na watu wazima, kwa sababu kifua kikuu huwakumba sana watu walio katika umri wa kufanya kazi. Ikithibitika kwamba inafaa, kijana mwenye afya ataitwa tena kabla ya nyanyake, na safari hiyo kwa sababu yenye uzito. Lakini ataitika tu ikiwa ataelezwa kwa nini ameitwa yeye.

Nyenzo za kufanya vyema zaidi zipo. Tangu Septemba 2023 serikali imesambaza wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii, kila mmoja akihudumia takriban nyumba 100. Mhamasishaji wa Bobasi au Borabu anajua mlango alipo mkongwe asiyeweza kutembea. Orodha yake ikiwa tayari kabla ya kichupa kufunguliwa, muuguzi hatalazimika kutafuta mkono wowote uliopo langoni saa kumi jioni. Atajua asubuhi ni nani anakuja, na nani anapaswa kufuatwa kwa pikipiki ya kaunti.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki jambo. Katika foleni ya chanjo ya 2021, wazee wa Gusii ndio waliokosekana, na jambo likaharibika. Kijana aliyepata sindano ya bahati hana deni la kuona haya. Deni liko kwa waliopanga foleni, nalo litalipwa siku ambayo kila dozi ya ziada anayopewa aliye karibu itaandikwa pamoja na jina la mkongwe iliyemkosa, ili kesho yake afuatwe nyumbani.