Maoni: Mashine ya vumbi ya mgongoni, aichague yule atakayeibeba

Kiangazi kikiingia Lubumbashi, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, vumbi jekundu halibishi hodi. Hapa Kasungami, katika tarafa ya Annexe, linafunika mabati, majani ya miembe na nguo kwenye kamba. Vumbi hilohilo linaingia ndani ya ofisi, makanisa, hoteli na mabasi ya mjini. Wanaolitoa ni vijana na mama wa mitaa kama yetu, wanaoamka mapema sana ili wakubwa wa kazi wakute meza ziko safi.

Kampuni ndogo ya usafi ikipata kontra ya kwanza kubwa, wazo la kununua mashine linakuja haraka. Mojawapo ni ile mashine ya kunyonya vumbi ya kubeba mgongoni, isiyo na kamba ya umeme, inayotumia batri. Kärcher, Makita na Nilfisk wanazitengeneza. Za kazi kubwa bei yake ni mamia ya dolari, na kwa kampuni ya watu watano hiyo ni feza ya miezi mingi. Ndiyo maana ninasema: tusiichague kwa macho, na tusiichague bila yule atakayeivaa.

Kwanza tujiulize kama tunaihitaji. Ofisi ndogo yenye sakafu ya karo haihitaji mashine ya mgongoni. Raklete na kitambaa chenye maji vinamaliza kazi vizuri, tena bila kurusha vumbi. Mashine hii faida yake inaonekana mahali penye tapi, ngazi, safu nyingi za viti kama kanisani, au ndani ya basi, ambako mtu akivuta kamba ya umeme anajikwaa kila hatua.

Kama jibu ni ndiyo, jambo la kwanza kuuliza dukani liwe kichujio, si nguvu ya moteri. Mashine isiyo na kichujio kizuri inanyonya vumbi la chini na kutema lile laini zaidi hewani, karibu na kichwa cha anayeibeba. Vumbi hilo halionekani, lakini ndilo linalofika ndani kabisa ya mapafu. Kichujio cha HEPA cha daraja H13 kinashika angalau asilimia 99.95 ya chembe ndogo zilizo ngumu kushika. Lakini hakisaidii kitu kama hewa inapenya pembeni yake. Jaribio ni rahisi: fanya kazi dakika kumi, halafu weka kitambaa cheupe karibu na mahali hewa inapotokea. Kikigeuka chekundu, mwachie muuzaji mashine yake.

Kwetu Katanga jambo hili lina uzito wake. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo kuhusu mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba. Walikuta kobalti nyingi katika vumbi na katika miili ya wakaaji, hasa watoto. Kasungami si Kasulo. Lakini anayesafisha ofisi za mgodi, karakana au magari yanayobeba madini hashiki vumbi la kawaida. Kwa vumbi la hatari kuna mashine zenye alama za L, M au H, na H ndiyo ya hatari kubwa zaidi. Mashine ya kusafishia tapi la hoteli haifai kwa kazi hiyo, hata mkubwa wa kazi akisema inatosha.

Jambo la pili ni batri. Muuzaji atasema "inakaa saa nzima", lakini hesabu ni yako. Zidisha volti kwa amperi-saa, kisha gawanya kwa wati za moteri. Batri ya volti 36 na amperi-saa 8 ina wati-saa 288. Moteri ikila wati 400, itazima baada ya dakika 43 hivi. Ukipunguza nguvu hadi wati 200, unapata karibu saa moja na nusu. Na batri ikizeeka, muda huo unapungua.

Sasa ongeza umeme wetu. SNEL ikikata usiku kucha, asubuhi batri haina kitu na kontra haisubiri. Basi bei ya kweli ni ya mashine pamoja na batri ya pili, na chaja inayokubali volti 220, iwekwe nyuma ya stabilizateri. Chaja ya volti 110 iliyoletwa kutoka Marekani inaweza kuungua siku ya kwanza. Uliza pia kama piesi zinapatikana hapa mjini: mifuko, vichujio, batri. Mashine rahisi isiyo na piesi ni hasara iliyofungwa kwenye karatoni.

Jambo la tatu ni mgongo. Mashine yenye kilo sita kwa mtu mfupi si sawa na kilo sita kwa mtu mrefu. Mkanda wa kiuno ndio unaotakiwa kubeba uzito, si mabega peke yake. Kwa hiyo mama atakayefanya kazi nayo aende dukani, aivae, atembee nayo, apande ngazi, ainame. Akisema inamuumiza, neno lake lizidi la mwenye feza.

Kampuni kubwa nazo zina sehemu yao. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 mwezi wa pili 2017 imewawekea kampuni zenye mtaji mkubwa wa Wakongomani kazi za sutretansi, na ARSP imewekwa kuifuatilia. Ni mlango mzuri kwa vijana wa Kasungami. Lakini mgodi au banki ikichagua kila mara devi ya chini kabisa, inayokatwa kwanza ni kichujio, batri ya pili na mkanda mzuri. Na Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inamdai mwajiri alinde afya ya mfanyakazi. Haisemi kwamba wa usafi hahesabiki.

Kobalti inatoka katika udongo wetu na mara nyingi inarudi kwetu ndani ya batri tunazonunua kwa bei kali. Angalau mashine hiyo ikirudi, imlinde anayeibeba. Ndugu mwenye kampuni, kabla ya kulipa, mwite mfanyakazi wako dukani. Nanyi mnaotoa kontra, ombeni kuona kichujio kabla ya kuuliza bei.