Mwanagenzi atakuwa fundi mkuu lini?

NDUGU msomaji, ukitoka jijini Nakuru kwa barabara ya Eldoret, muda si mrefu utafika Salgaa. Hapo ndipo madereva wa malori yanayotoka Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na Kongo huegesha magari yao, wakala, wakalala. Wengi wetu tunaijua Salgaa kwa malori na kwa ajali. Leo naomba uitazame kwa jicho jingine. Itazame kama darasa.

Chukua lori lolote lililoegeshwa hapo. Mlangoni pana jina la mwenye gari. Ubavuni pana tarakimu za uzito. Nyuma pana duara lenye 80, yaani kasi ambayo dereva hatakiwi kuipita. Kwenye vile vipande vya mpira vinavyoning'inia nyuma ya magurudumu, utakuta methali au jina la mtoto. Kando ya barabara kuna hoteli, kinyozi, duka la vipuri na kibanda cha kijani cha M-Pesa. Maandishi hayo yote yalipangwa na mtu, na mtu huyo naye alifunzwa na mwingine. Huo ndio usanifu wa michoro, hata kama anayeufanya hana afisi.

Natoa mfano huu kwa sababu wazazi wengi mjini wanalipa karo ili watoto wao wasomee ubunifu. Vijana nao, wakishapata stashahada, huwa na swali moja moyoni: nitaanza vipi, na ni lini nitaacha kutumwa nianze kutuma wengine?

Msasa kwanza

Kwa fundi wa mabango, mwanagenzi huanza na msasa. Anasugua bodi ya gari, anapaka rangi ya msingi, anapiga mistari kwa uzi uliopakwa chaki, anaosha brashi kwa mafuta ya taa. Baadaye huachiwa kujaza rangi ndani ya herufi zilizochorwa na mwalimu wake. Siku ya kupewa duara la 80 alichore mwenyewe ni siku kubwa.

Afisini msasa huo una sura nyingine. Ni kukata picha, kupanga bei za bidhaa, kuhakikisha nambari ya simu ni sahihi, na kurekebisha tangazo lile lile mara sita kwa kuwa mteja amebadili nia. Vijana wengi hukasirika hapa. "Kweli nilisomea haya?" Ndiyo, ulisomea haya. Aliyejaza herufi za mwalimu wake kwa miezi hujua, bila kuambiwa, kwamba nafasi kati ya A na V haiwi sawa na ile iliyo kati ya H na I. Mkono wake umekwisha kujua.

Lakini yapo yasiyofunzwa na msasa. Mteremko wa Sachangwan ulio karibu na Salgaa una historia ya huzuni. Tarehe 31 Januari 2009, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya lori la mafuta kupinduka na kulipuka. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Kwenye barabara kama hiyo, ilani ni ya kusomwa na dereva mwenye sekunde chache, pengine usiku na mvua inanyesha. Urembo wake si hoja. Mwanagenzi akimaliza kazi hujiuliza, "Je, inapendeza?" Fundi mkuu huuliza, "Nani ataisoma, akiwa wapi, na ana muda gani?" Swali hilo la pili likianza kukujia lenyewe, ujue unakomaa.

Miaka mingapi?

Hakuna idadi. Chéri Samba, mchoraji mashuhuri wa Kongo, alizaliwa mwaka wa 1956. Mwaka wa 1972, akiwa kijana wa miaka 16, alikwenda Kinshasa na kuanza kazi kwa wachoraji wa mabango. Mwaka wa 1975 alifungua karakana yake mwenyewe, na mwaka wa 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris. Kwake miaka mitatu ilitosha. Kwa mwingine hata kumi haitoshi.

Jijini Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga aliwafunza jamaa zake kupaka rangi za mafuta kwenye mbao laini. Mwaka wa 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Wanafunzi wake hawakupata nafasi ya kujiuliza kama wako tayari. Waliendelea na kazi, na leo mtindo huo unajulikana duniani kwa jina la mwalimu wao. Jifunze basi kana kwamba kesho mwalimu wako hatakuja kazini.

Dalili nne

Kwa maoni yangu, zipo dalili nne za kukuonyesha kwamba umefika.

Kwanza, unaweza kutaja bei ya kazi, ukanunua vifaa, ukamaliza, na bado ukabaki na faida. Anayejua rangi bila kujua gharama yake bado ni mwanagenzi.

Pili, unaweza kumwambia mteja "hapana" kwa adabu. Mteja akitaka maneno 30 mlangoni mwa lori, unamweleza kwa nini manne yatamfaa zaidi, naye anaondoka akikushukuru.

Tatu, yupo mtu anayejifunza kwako, na kazi yake inaboreka.

Nne, na hii ndiyo kubwa kuliko zote: kazi ikiharibika, wewe ndiwe unayejibu. Jina la tajiri likiandikwa vibaya kwenye tela, mwanagenzi husema, "Niliambiwa niandike hivyo." Fundi mkuu hulifuta, huliandika upya kwa rangi yake mwenyewe, na hutafuta njia ya kuhakikisha kosa hilo halirudi. Cheo ni dhamana kabla ya kuwa mshahara.

Dhamana hiyo ina uzito zaidi siku hizi. Mashine za kukata stika zimechukua sehemu kubwa ya kazi ya brashi, na sasa zipo programu za kompyuta zinazotoa picha kwa dakika moja. Lakini programu haiwezi kusimama mbele ya mteja aliyekasirika na kusema, "Kosa ni langu, nitalirekebisha."

Kuchelewa nako ni hasara

Usidhani nakuhimiza ukae chini milele. Wapo vijana ambao dalili zote nne wanazo, lakini wamekaa miaka wakifanya kazi yote huku sifa na pesa zikimwendea mwingine. Wanaona haya kuuliza kwa kuwa fundi ni kama mzazi. Heshima ni nzuri, ila haimzuii mtu kusema.

Chagua siku tulivu, si wakati lori linangojwa. Beba picha za kazi ulizozifanya mwenyewe, wala usichanganye na za mwalimu wako. Kisha sema, "Mzee, naomba tuketi kidogo tuzungumze kuhusu kazi yangu. Hizi nimezisimamia tangu mwanzo hadi mwisho. Naomba uniachie wateja hawa niwajibike kwao, na malipo yangu yafuate jukumu hilo." Akisema ungoje, muulize ni nini kilichobaki kujifunza, na mwafikiane tarehe ya kuzungumza tena. Tarehe ikipita mara mbili bila jibu, tafuta pengine, ukiaga vizuri. Afisini maneno ni hayo hayo, ila badala ya "Mzee" utamwita mkubwa wako jinsi alivyozoea kuitwa.

Kwa aliyejifunzia kazini bila cheti, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoa mitihani ya ufundi ya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Uliza kama fani yako imo. Karatasi hiyo haikufanyi fundi, lakini humfungulia fundi milango.

Nawe mzazi, usimuulize mwanao kila mwisho wa mwezi kama amepandishwa cheo. Muulize, "Wiki hii umesimamia nini?" Akiwa na jibu, karo yako haikupotea.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia kazi njema.